Pampu Iliyokuwa Sikioni Mwangu

Fabrice mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako na nyumba imetulia. Baba yako yuko chumbani kwako, anafungua begi lako na kulifunga tena, kana kwamba akilifunga vizuri zaidi kesho hutaondoka. Mimi nimekaa hapa kwenye meza ya kulia na kalamu ya dukani, ile yenye tangazo la saruji, kwa sababu kuna jambo ambalo leo asubuhi nilikuambia nusu tu.

Sitakuandikia habari za kufua, kula wala kwenda kanisani. Hayo ama nimeshakufundisha, ama nimechelewa. Na ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyojifunzia kuandika, kule Karagwe tulikokulia tukiwa wakimbizi, na kwa kuwa wewe unahamia Mwanza, ambako Kiswahili chako cha hapa Kinyinya ya Kigali, cha "iko" na "haiko", kitawachekesha watu kwa muda. Waache wacheke. Wakiona unavyojua kupima msingi wa nyumba watanyamaza.

Nianze na ile pampu, ingawa najua ukisoma hapa utacheka.

Unakumbuka vita yangu na Mama Divine, jirani yetu, alipokuwa anajenga ghorofa yake pale ukutani kwetu. Kinyinya nzima inajengwa, na mimi ndiye ninayewauzia misumari na saruji, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamikia kelele za ujenzi. Lakini pampu yake ya maji ilinichosha. Ndu, ndu, ndu. Nikijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, upande wa kushoto, inazidi. Nikipanda kile kilima cha kutoka dukani kwa haraka, inakwenda mbio. Mtu mwingine angejiuliza ni pampu gani inayoongeza mwendo mimi ninapopanda kilima. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa Mama Divine.

Wewe ulinijibu mara nyingi, "Mama, mimi sisikii kitu." Nami nikakuambia umeharibu masikio yako kwa muziki wa simu. Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine niliyokuambia kuhusu muziki wenu sijabadili mawazo.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja, mtaa mzima tumetoka na majembe kuzibua mitaro. Unajua Kigali inavyokuwa saa zile: maduka yamefungwa, magari hayapiti, pikipiki hakuna, na ukisimama unasikia jogoo wa kilima cha pili. Katikati ya utulivu huo mimi nikaisikia pampu. Nikasema moyoni, leo nimemkamata. Nikangoja mkutano wa baada ya kazi, na mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama na jembe langu.

"Niko na shida moja," nikasema. "Sisi wote tuko hapa kwa umuganda, lakini kuna mtu ameacha mashini yake inafanya kazi huko nyumbani. Nyamazeni kidogo, mtasikia."

Watu wakanyamaza, Fabrice. Mtaa mzima, wazee na watoto, wakatega sikio kwa heshima. Hata mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake alinyamaza. Mimi nikawa nanyoosha kidole kuelekea kwa Mama Divine na kusema, "Si hiyo?"

Mama Divine akasema polepole, "Mama Fabrice, ni mashini gani? Pampu yangu iliharibika. Iko kwa fundi Nyabugogo, tangu wiki ile ingine."

Kicheko kilichofuata unakikumbuka. Mkuu wa mudugudu, kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mubyeyi, mzazi wangu, hapa hakuna sauti." Nilikutafuta kwa macho nikakuona unatazama viatu vyako vyenye matope. Nikarudi nyumbani mbele ya kila mtu, na ile pampu ikanifuata njia nzima.

Jambo ambalo hulijui ni kwamba jioni ile Mama Divine alikuja. Mimi nilidhani amekuja kudai kuombwa radhi, nikawa nimejiandaa kumpa nusu ya radhi. Hakutaka. Alikuwa amemuuguza mama yake mwenye presha miaka mingi, na kuna kitu kilimgonga kichwani pale mkutanoni. Akaniambia nigonge meza kwa kidole kila ninaposikia ndu. Nikagonga. Akanishika mkono hapa penye mshipa, akakaa anatazama kidole changu.

"Mama Fabrice," akasema, "hiyo pampu ni moyo wako."

Hakucheka. Ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wa masikio, yule niliyemtukana mbele ya mtaa. Tangu siku hiyo nikiwa na hakika kupita kiasi kuhusu kosa la mtu, hujishika mkono kwanza.

Daktari alinichungulia sikioni kwa taa yake, akaacha, akachungulia tena. Ni mtu mpole, alisomea Kongo, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani yake.

"Maman, iko kitu nyuma ya ngoma ya sikio," akasema. "Iko nyekundu, na inapiga pamoja na moyo. Mimi siigusi."

"Kwa nini usiiguse? Si ndiyo kazi yako?"

"Ile ni nyama ya damu mtupu. Mtu akiichoma na sindano ili akate kipande cha kupima, itatoa damu mingi sana. Kwanza tupige picha."

Akanieleza kwa subira, nami nakueleza nilivyoelewa. Karibu na mishipa mikubwa ya shingo na ya sikio, kila mtu ana vijinundu vidogo vya neva, vidogo kama punje ya mchele, na baadhi yake kazi yao ni kuionja damu inayopita na kuuambia mwili kama hewa inatosha. Kwa watu wachache kimoja huanza kukua. Kinakua polepole sana, miaka na miaka, na mara nyingi si saratani. Ubaya wake ni mahali kilipo. Hapo zinapita neva za kusikia, za kumeza, za sauti, za uso, na kikiachwa kinazibana moja baada ya nyingine. Uvimbe wa namna hiyo wanauita glomus. Nikamwambia daktari kwamba hilo lingefaa kuwa jina la mtoto wa Kigali, akacheka, nami nikajua kwamba sifi leo.

Picha ikaonyesha viwili. Kimoja sikio la kushoto, kingine shingoni upande wa kulia, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, kidogo kama harage. Hapo daktari akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na uvimbe shingoni. Nikasema hapana. Nilisema haraka, kabla hajamaliza kuuliza.

Babu yako hukumwona. Alikuwa mtu mrefu, mpenda ng'ombe, na alivaa skafu. Asubuhi, mchana wa jua kali, kanisani, machungani, skafu shingoni. Sisi watoto tuliona ni umaridadi, tukajivuna kwamba baba yetu ni mtanashati kuliko baba za wengine kambini. Sauti yake ilikwaruza. Akinywa maziwa alipaliwa, mama akawa anatuambia tutazame pembeni. Siku nyingine alisema anasikia ngoma zinapigwa mahali, na mama akamwambia anyamaze, watoto wanasikia. Nilikuwa msichana mkubwa nilipoingia chumbani ghafla nikamkuta bila skafu, nikaona kilichokuwa chini yake. Nikatoka, nikafunga mlango.

Walificha kwa ajili yangu na dada zangu. Unajua watu wetu: kabla ya kuja kuposa, wanauliza ukoo. Wale wana nini? Mzee wao ana nini? Uvimbe wa shingoni ungetajwa kila boma, na sisi tungezeekea nyumbani. Kwa hiyo skafu. Nami niliolewa vizuri, kwa hiyo siwezi kusema skafu haikufanya kazi yake. Lakini tulijifunza kutoona kilichofunikwa. Mjomba wako Damasi amekuwa akifunga shati lake mpaka kifungo cha juu kabisa, miaka yote, hata pale sokoni Kabuga jua likiwa la kuchemsha maji. Mimi dada yake nilijua kwa nini. Nilimwambia daktari hapana, nikapanda basi kurudi nyumbani, na kufika Kinyinya nilikuwa ninaona aibu mpaka nikashindwa kufungua duka.

Safari ya Kabuga, ya kumleta Damasi kwa daktari, tulikwenda wote wawili, huhitaji nikusimulie. Ila sidhani kama unajua ulichofanya siku ile. Mjomba wako alikuwa ameshakubaliana na mtu wa kumchanja shingo ili "damu mbaya" itoke. Mimi nilimsihi, nikamgombeza, nikalia. Akaniambia, "Wewe unajua nini? Hii ni rovu. Nakula chumvi yenye dawa, itaisha." Halafu wewe ukamwambia kwa upole, "Tonton, twende tu daktari akuone. Akisema ni rovu, mimi mwenyewe nitakurudisha kwa huyo mtu." Akakubali. Angekubali kwangu, angekuwa ameshindwa na mdogo wake. Kwako alikuwa anamfurahisha mtoto. Sikuwahi kukuambia asante.

Daktari alimpa glasi ya maji, akamwambia ameze. Rovu hupanda mtu anapomeza. Ule uvimbe haukupanda. Akausukuma kwa vidole: ulikwenda kulia na kushoto, ukakataa kwenda juu na chini, na ulikuwa unapiga chini ya vidole vyake. Damasi alitazama ukuta muda wote. Tulipotoka nje nikangoja afunge kifungo chake. Hakukifunga. Alipanda basi la Kabuga shingo wazi, akakaa dirishani.

Yaliyofuata uliyaona. Yeye waliziba kwanza mishipa iliyokuwa inaulisha ule uvimbe, kisha wakautoa. Sauti imebaki na mkwaruzo, anasema wateja sasa wanamwogopa na hawaombi kupunguziwa bei. Mimi walinitoa kile cha sikioni. Cha shingoni wamekiacha, kila mwaka tunakipiga picha kuona kama kina haraka. Hakina. Kinanisubiri na mimi ninakisubiri, na katika hilo nina uvumilivu zaidi kuliko nilivyodhani.

Siku waliponifungua bandeji nilikaa kitandani nikingoja ndu. Haikuja. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe chumba cha pili, na viatu vya nesi, na mtu anacheka uani. Nikalia mpaka nesi akaniuliza ninaumwa wapi. Niliporudi nyumbani nikagundua baba yako anakoroma, jambo nililokuwa nimelisahau. Nilifurahi kumsikia kwa siku chache.

Lakini wewe ukaanza kusema huendi Mwanza. Ulisema ni kwa ajili yangu, nani atabeba saruji. Mimi ni mama yako, nilijua ulikuwa unajigusa shingo ukidhani hakuna anayekuona. Babu, mjomba, mama. Ulikuwa unahesabu na kujiweka mwishoni. Na mimi nilikuwa nikihesabu vilevile, nikichota misumari dukani. Kuugua kwangu hakukunitisha hata robo ya hilo.

Kisha damu yangu iliyopelekwa ng'ambo ikapimwa, na jana daktari akaniita. Akasema ni ya ukoo, imetoka kwa babu yako. Nikamwuliza swali moja tu: na mtoto wangu?

Akasema, "Maman, hii yenu iko na tabia ya ajabu. Mtoto anaweza kuipata kwa baba ao kwa mama, sawasawa. Lakini ikitoka kwa baba, inaamka. Ikitoka kwa mama, karibu kila mara inalala."

"Yaani Fabrice hataugua?"

"Hata kama iko nayo, karibu hakika hapana. Alibahatika, ilipita kwako."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikatoka, nikaketi kwenye ngazi za nje watu wakinipita, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani ananisikia. Maisha yangu yote nilisikia kwamba ukoo ni wa baba, mama ni mpita njia. Kumbe kwa hili ni mimi mpita njia niliyekuwa ukuta wako.

Leo asubuhi nilikuambia, "Uko salama, haitakupata kwangu." Ukaninyanyua jikoni mpaka chai ikamwagika, ukasema, "Basi naenda." Na mimi nikapanguza meza.

Nusu ya pili ndiyo hii. Daktari hakuwa amemaliza, na mimi nilimsikia vizuri, kwa masikio mawili mazima. Inawezekana umeichukua na imelala ndani yako, inawezekana hukuichukua. Ni nusu kwa nusu. Kama unayo, wewe haitakusumbua. Lakini wewe ni mwanamume, Fabrice. Kwa watoto wako wewe ndiye utakuwa baba. Yule kati yao atakayeirithi kwako anaweza kuipata ikiwa macho, kama ilivyotupata mimi na Damasi.

Nilimpigia mjomba wako jana hiyohiyo, kwa sababu ana wasichana wake wawili na kwao inatoka kwa baba. Akasema, "Kwa hiyo wako amepona, na wangu je?" Nilikuwa na furaha na sikuwa na mahali pa kuiweka. Ndiye aliyenisaidia. Akasema, "Afadhali wapimwe wangali wadogo. Mimi nilikuwa nafunga vifungo tu."

Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni pale jikoni. Nilikuona una furaha, nikaogopa utarudi kusema huendi. Na pengine sababu ya kweli ni kwamba mimi ni binti wa nyumba ile. Nilichukua skafu nikakufunga shingoni, nikakuambia inakupendeza.

Kupima damu ni juu yako. Huko, hapa, mwaka huu au ukishapata mchumba, sitakuuliza. Ukiamua kujua, ujue pia kwamba si hukumu ya kifo: mwanamke aliyekuwa nayo ndiye huyu anayekuandikia na anayekusubiri umalizie chai yako. Ikionekana mapema madaktari wana njia, na mara nyingine njia yenyewe ni kuiangalia tu. Ila utakapompenda msichana, mwambie kabla ya wazee kukaa kwenye viti na kuanza mafumbo yao ya kuposa. Nilipomwambia baba yako habari za babu, baada ya ndoa ya miaka yote hii, alinitazama akasema, "Ungeniambia wakati ule, ningekuja na ng'ombe walewale." Nilikuwa nimembeba bure moyoni kama mtu ambaye angekimbia.

Na siku mtoto wako akikuambia anasikia pampu, usimwambie hakuna pampu. Mshike mkono, mwambie agonge meza.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya mashati yako, uisome ukishavuka mpaka wa Rusumo, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu. Nimebadili nia. Sasa hivi nimesikia geti, na hatua zako uani, na unaimba ule wimbo wenu mbaya. Sikio la kushoto nalo limesikia. Nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti hiki mpaka uimalize.

Mama yako